Namna ya kuandaa pendekezo la kupandisha ushuru wa sigara: kutoka gengeni Dar es Salaam hadi Bungeni Dodoma

Mchuuzi anayepita Kariakoo akitikisa sarafu mkononi, sanduku la sigara, pipi na karanga kifuani, ni nadra auze pakiti nzima. Anauza moja moja. Ushuru wa sigara hutungwa kwa sigara 1,000, hujadiliwa kwa pakiti ya sigara 20, lakini mvutaji huulipa kwa sarafu. Pendekezo ambalo halijapigiwa hesabu mpaka kwenye sarafu hiyo linaweza kupita Bungeni, likashangiliwa, na lisimfanye hata mtu mmoja aache kuvuta.

Mwongozo huu ni wa asasi za kiraia, vyama vya wataalamu wa afya na vikundi vya wanafunzi wa udaktari, uuguzi na uchumi wanaotaka kupeleka pendekezo linaloweza kusimama mbele ya wataalamu wa kodi. Mnahitaji watu wanne hadi sita, mmoja wao awe mtu wa hesabu, na muda wa miezi tisa hivi kabla ya Juni, bajeti ya Serikali inaposomwa Bungeni. Bajeti yake ni nauli za daladala, vocha, na fedha za kununulia pakiti chache.

Hali ilivyo: utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya Watanzania wa miaka 15 na zaidi wanatumia tumbaku, wanaume asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Kiwango hiki bado ni cha chini kuliko cha nchi nyingi, na ndiyo sababu ya kuchukua hatua sasa: kumzuia kijana asianze ni rahisi kuliko kumtoa baba wa miaka arobaini kwenye uraibu. Vijana na watu wenye kipato kidogo ndio wanaotikiswa zaidi na bei.

Hatua ya 1: Jueni kodi zilizomo ndani ya pakiti

Sigara iliyotengenezwa nchini hubeba kodi mbili zinazowahusu. Ya kwanza ni ushuru wa bidhaa, uliowekwa na Sheria ya Ushuru wa Bidhaa, Sura ya 147. Ni kiasi maalumu cha shilingi kwa kila sigara 1,000, hata kama bei ya dukani ni ndogo au kubwa. Ya pili ni kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, inayotozwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru ndani yake. Kwa hiyo kila shilingi 100 mnayoongeza kwenye ushuru inakuwa shilingi 118 kwenye bei, mwenye kiwanda asipoibeba mwenyewe.

Ushuru wa sigara umezoeleka kupangwa kwa madaraja matatu: zisizo na kichungi zenye tumbaku ya ndani kwa asilimia 75 au zaidi, zenye kichungi na tumbaku ya ndani kwa kiwango hichohicho, na nyingine zote. Viwango hubadilika, kwa hiyo chukueni vya sasa kutoka kwenye sheria yenyewe na marekebisho yake ya karibuni. Msichukue kutoka gazetini. Magazeti huandika "ushuru umepanda asilimia tano" bila kusema asilimia tano ya nini, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Tazameni mfano wa bajeti ya 2016/17. Daraja la kati lilipanda kutoka shilingi 28,024 hadi 29,425 kwa sigara 1,000. Asilimia tano. Igaweni kwa pakiti ya sigara 20: ongezeko ni shilingi 28. Ongezeni VAT, inakuwa 33. Kwa sigara moja ni shilingi moja na senti 65. Hakuna sarafu ya kiasi hicho. Mchuuzi hakuwa na namna ya kuipeleka kwa mteja hata kama angetaka.

Hatua ya 2: Kusanyeni bei, tena tatu kwa kila aina

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Huenda supamaketi moja Mikocheni, huandika bei ya pakiti, na kurudi. Bei hiyo haimhusu mvutaji wa Tandale.

Chagueni maeneo matano yanayotofautiana kwa kipato na aina ya biashara. Mchanganyiko unaofaa ni Kariakoo (jumla na wachuuzi), Mbagala Rangi Tatu, Manzese, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, na Masaki au Mikocheni. Katika kila eneo pitieni wauzaji kumi: maduka ya mtaani, magenge, vioski, wachuuzi wa kutembea, na baa mojamoja. Jumla ni wauzaji 50. Wakizidi ni vizuri, wakipungua sana wastani wenu utayumba.

Kwa kila muuzaji andikeni: tarehe na saa, mtaa, aina ya sehemu ya biashara, jina la sigara, ina kichungi au haina, idadi ya sigara kwenye pakiti, na bei tatu. Bei tatu ni ile aliyonunulia pakiti kwenye duka la jumla, anayouzia pakiti nzima, na anayouzia sigara moja. Bei ya kwanza ndiyo ngumu kuipata na ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inaonyesha faida ya mchuuzi. Akisita kuitaja, ulizeni bei hiyo dukani kwa jumla, mkiwa wateja.

Mambo yanayoharibu kazi hii yanajulikana:

Wauzaji wakikuona na karatasi na kalamu hudhani umetoka Mamlaka ya Mapato (TRA) au manispaa, na bei wanazotaja zinabadilika. Jitambulisheni kwa ukweli, semeni mnauliza bei tu, msiulize mauzo ya siku wala leseni. Andikeni kwenye simu badala ya fomu ya karatasi.

Bei ya usiku na ya baa huwa juu. Msiichanganye na ya mchana, iwekeni kwenye safu yake.

Mahali penye uhaba wa chenji, pipi hutumika kujazia. Mteja anatoa 500, anapata sigara mbili na pipi. Andikeni bei inayotajwa kwa sigara, siyo kilichobadilishana mikono.

Msipige picha za watu. Pigeni picha ya pakiti na stempu ya kodi pekee.

Kazi hii ifanyike mara mbili: Mei, kabla ya bajeti kusomwa, na tena Septemba. Mkifanya ya pili Julai mtakuta mzigo wa zamani bado upo madukani, maana wafanyabiashara hununua kwa wingi kabla ya tarehe 1 Julai.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu

Tuchukue pakiti ya mfano, namba za kufundishia tu. Bei ya pakiti 3,000, ushuru shilingi 30,000 kwa sigara 1,000, yaani 600 kwa pakiti.

VAT iliyomo ndani ya 3,000 hupatikana kwa kuzidisha bei kwa 18 na kugawa kwa 118. Ni shilingi 458. Kosa la kawaida ni kuchukua asilimia 18 ya 3,000 na kupata 540; mtaalamu wa wizara akiliona ukurasa wa kwanza, hatafika wa pili. Jumla ya kodi ni 1,058, sawa na asilimia 35 ya bei. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kodi zote ziwe angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja.

Sasa pandisheni ushuru mara mbili, uwe 1,200 kwa pakiti. Bei inaongezeka kwa 600 pamoja na VAT yake 108, inafika 3,708. Hilo ni ongezeko la asilimia 23.6. Kodi inakuwa asilimia 47.6 ya bei.

Uvutaji utapungua kiasi gani? Kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, makadirio yanayotumika sana ni kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa asilimia 5 hivi. Kwa mfano wetu, matumizi yatashuka karibu asilimia 12. Penye pakiti 100 zitauzwa 88. Ushuru ulikuwa 600 mara 100, yaani 60,000. Sasa ni 1,200 mara 88, yaani zaidi ya 105,000. Watu wamevuta kidogo na Hazina imepata zaidi. Rudieni hesabu hiyo mkidhani wavutaji ni wepesi zaidi kukimbia bei, asilimia 8 kwa kila 10. Pakiti zinabaki 81, na ushuru bado ni zaidi ya 97,000. Wekeni matokeo yote mawili kwenye pendekezo. Anayeonyesha namba moja tu huonekana anaficha nyingine.

Halafu shukeni kwenye sarafu. Mchuuzi aliyenunua pakiti kwa 3,000 amenunua kila sigara kwa 150. Akiuza 200, faida ni 50. Baada ya ushuru kupanda mara mbili, sigara moja inamgharimu 185, faida inabaki chini ya 15. Hapo atapanda hadi 250, kwa sababu sarafu ndogo iliyopo mkononi ni hamsini. Lakini kwa lile ongezeko la 2016/17, angepoteza chini ya shilingi mbili kwa sigara na angeendelea kuuza bei ileile mwaka mzima. Kizingiti hiki ndicho mnachopaswa kukitafuta kwenye takwimu zenu: faida ya chini ambayo mchuuzi huivumilia kabla ya kuruka sarafu nyingine. Ili ushuru wenyewe ubebe mruko wa shilingi 50 bila kutegemea faida ya mchuuzi, unahitaji kuongezeka kwa takriban shilingi 42 kwa sigara, yaani 42,400 kwa sigara 1,000.

Jambo jingine ambalo karibu kila ripoti hulisahau: kwa anayenunua moja moja kwa 200, pakiti imemgharimu 4,000, siyo 3,000. Ile 1,000 ya juu ni faida ya mchuuzi mdogo asiyesajiliwa VAT. Kwa mvutaji huyo, sehemu ya kodi ni asilimia 26 tu. Onyesheni hesabu zote mbili na mseme ipi ni ipi.

Hatua ya 4: Andikeni ombi moja linaloeleweka

Msiandike "Serikali iongeze kodi ya tumbaku." Andikeni kifungu, kiwango cha sasa, kiwango mnachopendekeza na tarehe ya kuanza. Ombi lenye nguvu lina sehemu tatu.

Kwanza, madaraja yaunganishwe hatua kwa hatua kuwa kiwango kimoja. Mkipandisha daraja la juu peke yake, mvutaji haachi, anashuka daraja. Anayevuta ya bei kubwa leo atavuta ya bei nafuu kesho, na mapafu hayajui tofauti ya kichungi wala ya tumbaku ilikolimwa. Kenya iliunganisha madaraja yake Desemba 2024: zenye kichungi na zisizo nacho ziliwekwa kwenye kiwango kimoja cha shilingi za Kenya 4,100 kwa sigara 1,000. Ufilipino iliondoa madaraja yake kuanzia 2013, ikafikia kiwango kimoja 2017, na sehemu kubwa ya mapato ikaelekezwa kwenye bima ya afya.

Pili, tumbaku ya kusokota ipande pamoja na sigara. Hiyo hutozwa kwa kilo. Ikiachwa nyuma ndiyo inakuwa kimbilio.

Tatu, kiwango kipande kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kiongezwe kitu juu yake. Ushuru wa kiasi maalumu una udhaifu huu mmoja mkubwa: unaliwa. Mfumuko wa asilimia 3 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, hupunguza thamani ya shilingi 600 hadi kama 549. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, viwango maalumu vya ushuru wa bidhaa hurekebishwa kila baada ya miaka mitatu badala ya kila mwaka. Sababu iliyotolewa ni kuwawezesha wafanyabiashara kutabiri, na kwa maji ya chupa au juisi hoja hiyo ina maana. Kwa bidhaa ambayo lengo ni watu waiache, utabiri unaofaa ni ngazi ya kupanda iliyoandikwa ndani ya sheria mapema. Ombeni hiyo ngazi.

Msiombe asilimia 75 kwa mkupuo. Kwa pakiti yetu ya mfano, ushuru ungepaswa kutoka 600 hadi karibu 4,640, na bei ingefika 7,770. Hesabu ni sahihi, ila ombi la namna hiyo hutupwa. Ligaweni kwa miaka mitano, na hatua ya kwanza iwe ndiyo kubwa.

Hatua ya 5: Fuateni kalenda, na msisubiri wabunge

Watu wengi hukimbilia kwa mbunge wao mwezi Juni. Wamechelewa. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia kutoza kodi au kuibadilisha, isipokuwa kuipunguza, bila pendekezo la Rais lililowasilishwa na Waziri. Kwa maneno mengine, mbunge anaweza kuupigia kelele ushuru mdogo, lakini hawezi kuupandisha kwa mkono wake. Kupanda lazima kuwe kumeingia kwenye muswada tangu wizarani.

Kwa hiyo mlango ni Wizara ya Fedha, Dodoma, na muda ni kati ya Septemba na mwisho wa mwaka, wakati mapendekezo ya maboresho ya kodi yanapokusanywa na kuchambuliwa. Fuatilieni tangazo, lisipoonekana hadi Oktoba, andikeni barua kwa Katibu Mkuu na nakala kwa TRA. Novemba Bunge hujadili mwongozo wa bajeti. Aprili Bunge la Bajeti huanza, Juni hotuba husomwa, na Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Hapo kazi yenu ni kulinda kilichokwisha kuandikwa kisipunguzwe. Viwango huanza 1 Julai.

Pendekezo lenyewe lisizidi kurasa sita: ukurasa mmoja wa ombi, miwili ya hesabu, mmoja wa bei mlizokusanya, mmoja wa hoja zinazotarajiwa, na jedwali. Pelekeni pia faili la jedwali la kompyuta lenye kanuni zake wazi, ili mchambuzi aweze kubadili namba mwenyewe. Akiweza kulichezea, atalitumia.

Wizara ya Afya iwe upande wenu kabla ya kufika kwa wizara ya fedha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007. Ibara yake ya 6 inahusu bei na kodi, na ya 5.3 inataka sera za afya zilindwe dhidi ya masilahi ya kampuni za tumbaku. Tajeni zote mbili kwa namba.

Hatua ya 6: Jiandaeni kwa hoja tatu

"Magendo yataongezeka." Hoja hii ndiyo nzito, ishughulikieni kwa ushahidi. Magendo hutegemea udhibiti kuliko kiwango cha kodi. Afrika Kusini ilipandisha kodi kwa nguvu miaka ya 1990, uvutaji ukashuka na mapato yakapanda. Magendo yalistawi miaka mingi baadaye, usimamizi ulipolegea. Tanzania ina stempu za kielektroniki tangu 2019, na programu ya simu ya Hakiki Stempu inayomwezesha mtu yeyote kuzikagua. Pimeni wenyewe: kusanyeni pakiti tupu 300, mkague stempu. Hapa Dar msiziokote barabarani kama miongozo ya nchi nyingine inavyoelekeza, kwa kuwa anayenunua sigara moja hana pakiti ya kutupa. Pakiti hubaki kwa mchuuzi. Mwombeni awawekee kwa siku tatu. Stempu iliyochanika wakati wa kufungua iandikwe "haisomeki". Msiihesabu kuwa ni ya magendo.

"Mkulima wa Tabora ataumia." Sehemu kubwa ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge, na ile ya Chunya mkoani Mbeya, husafirishwa nje. Bei ya mkulima huamuliwa na wanunuzi wa kimataifa na madaraja ya jani kwenye masoko, na ushuru wa sigara inayovutwa Manzese haumgusi kwa kiasi hicho. Lakini msimdharau. Yule mkulima ana madeni ya pembejeo na hana mtu wa kumsemea kwenye mjadala huu, na pendekezo linaloomba sehemu ya mapato mapya isaidie mazao mbadala huko kwake ni la haki na lina nafasi kubwa zaidi ya kupita.

"Mnamkandamiza maskini." Maskini ndiye anayeacha kwa wingi bei inapopanda, na asipoacha ndiye anayeuza kiwanja kwa ajili ya matibabu ya saratani. Hata hivyo, wapo watakaoshindwa kuacha na watalipa zaidi. Kwa ajili yao ombeni huduma ya ushauri wa kuacha tumbaku kwenye zahanati na vituo vya afya, igharimiwe na ushuru huohuo.

Hatua ya 7: Baada ya 1 Julai

Rudini kwa wauzaji walewale 50 mwezi Septemba. Linganisheni aina kwa aina, bei tatu kwa bei tatu. Kama bei ya jumla haikupanda kwa kiasi cha ushuru na VAT yake, kampuni imebeba sehemu ya kodi ili wateja wasikimbie. Wekeni kiasi hicho kwenye hesabu ya mwaka unaofuata. Kama imepanda zaidi ya ushuru, kampuni imejiongezea bei kwa mgongo wa kodi, na hiyo ina maana soko lingestahimili ushuru mkubwa kuliko huo. Angalieni pia pakiti za sigara kumi: zikianza kuonekana kwa wingi, ni njia ya kushusha bei ya kuingilia kwa kijana.

Pelekeni matokeo wizarani kabla ya mwisho wa Oktoba, kwa kurasa mbili, yakiwa na safu ya bei ya sigara moja mbele kabisa.